Mgeni Rasmi Alikuwa Baridi

Niliyoyaota usiku wa kuamkia leo nitayasimulia kama yalivyokuwa, na asiyeamini namkaribisha nyumbani kwangu Makete aje aione soksi. Ipo kwenye kamba, na sijaifua makusudi.

Lakini kwanza niseme nilivyolala. Mke wangu Fidea amejifungua mtoto wetu wa kwanza, Lukelo, na mama yake mzazi amekuja kumlea. Jina la mama mkwe silitaji; ni mkwe, na kwetu mkwe hatajwi ovyo. Ametoka Ifakara, kwenye joto na mpunga, akashuka kwenye basi huku kwetu katikati ya Juni akiwa na kanga mbili na pepeo la ukindu. Asubuhi ya kwanza alipoona mvuke unamtoka mdomoni, alifunga mdomo na hakuufungua mpaka wakati wa chakula. Kisha akaniita, akakaa kiti cha mbali kama inavyotakiwa, akasema bila kuniangalia usoni:

"Baba, nyumba yako nzuri. Ila mjukuu wangu akikohoa, hata mara moja, nambeba yeye na mama yake tunarudi Ifakara."

"Hatakohoa, mama," nikasema.

Kwa bahati nilikuwa nimetoka kwenye semina. Kata yetu iliandaliwa mafunzo ya kuweka nyumba tayari kwa dhoruba na baridi kali, na mimi nilikaa mstari wa mbele kabisa. Mwezeshaji alitoka pwani na ndala miguuni. Mafunzo yenyewe yalikuwa yametungwa kwa ajili ya nchi za theluji, mtu akayafasiri haraka haraka bila kujiuliza yanapelekwa wapi. Tukafundishwa kumwaga chumvi barabarani ili theluji isigande. Tukafundishwa kufunika mabomba ya maji yasipasuke, sisi tunaochota mtoni. Tukafundishwa kuziba kila upenyo. Somo la mwisho hatukufundishwa, kwa sababu wali ulikuwa umeiva na harufu ikaingia ukumbini, na mwezeshaji akasema yaliyobaki tutajisomea wenyewe. Tukampigia makofi.

Basi jana nikaziba. Nilitumia nailoni, viroba na udongo uliokandwa na majani, nikamaliza kila ufa wa chumba wanacholala mama mkwe, Fidea na mtoto. Niliziba kwa nje, kwa kuwa kwetu mwanamume haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Hata nyumba ikiungua atapiga hodi kwanza. Likabaki tundu moja tu chini ya dirisha, la kuingia dole gumba, na vifaa vilikuwa vimeniishia. Nikavua soksi yangu ya kushoto, ya sufu, nikaisokomeza humo na kuigongomelea kwa mpini wa bisibisi mpaka ikakaza. Kisha nikawasha jiko la mkaa, na lilipokolea nikamkabidhi Fidea mlangoni aliweke karibu na kitanda.

"Baba Lukelo," akasema, "humu hewa itapita kweli?"

"Hewa ndiyo tunayoizuia," nikamjibu, na jibu lile nililipenda mwenyewe.

Akafunga mlango. Nikajilaza kwenye kochi la sebuleni, ndiko ninakolala siku hizi, mguu mmoja una soksi na wa pili hauna. Hakuna mtu aliyekuwa na furaha kama mimi katika kata nzima.

Mara niko ukumbini.

Ni mchana. Ukumbi ni uleule wa semina, ila viti vyote vimevaa masweta, na meza kuu imevishwa koti na mzula wa sufu kichwani. Sisi watu tumekaa vifua wazi. Tunatetemeka kwa utaratibu, mstari wa mbele kwanza, kisha unafuata wa nyuma yake.

Namwuliza jirani yangu kulikoni. Ananijibu bila kugeuka: "Wameanza na vitu. Watu tumo kwenye awamu ya pili."

Mwezeshaji yuko jukwaani na ndala zake. Ameshika koleo, anachota sakafuni pasipo na kitu, anamwaga pembeni, anajifuta jasho. Karibu na mlango limeshapatikana rundo kubwa la pasipo na kitu, na wahusika wameliwekea uzio watoto wasichezee.

"Theluji imechelewa mwaka huu," anatutangazia, "lakini ratiba ni ratiba."

Tunapiga makofi.

Linaingizwa bomba la maji la kijiji chetu. Limelazwa kwenye machela, limefunikwa mablanketi, na kila upande kuna muuguzi. Bomba hilo nalijua vizuri. Lilizinduliwa nikiwa mtoto wa shule, tuliimba siku hiyo, na tangu siku hiyo halijatoa maji hata ya kunawa.

"Hali yake?" anauliza mwezeshaji.

"Halijapasuka," anasema muuguzi.

"Maji?"

"Maji halina. Lakini halijapasuka."

Bomba linakohoa kutu. "Nawashukuru kwa kunijali," linasema kwa sauti ya mgonjwa aliyezoea kutembelewa. "Kama kuna uji, nitajaribu."

Watu wanafuta machozi. Hata mimi nalia, na huku najisikia fahari kuwa mwenyeji wa mahali penye bomba la namna ile.

Anaingia mtu anahema. "Barabara imeisha!" anasema.

"Imeishaje?"

"Tuliimwagia chumvi kama tulivyofundishwa. Ng'ombe wameilamba. Toka darajani mpaka hapa hakuna barabara tena, kuna ng'ombe wenye kiu."

Mwezeshaji anafikiri kidogo. "Wapangeni hao ng'ombe mstari," anasema, "muwawekee vibao. Mgeni rasmi atapita juu yao."

Hapo ndipo ninapomwona bwana mmoja mwenye tai, amesimama mlangoni karibu na rundo la pasipo na kitu. Uso wake ni wa mtu aliyekaa sana kwenye foleni. Anainua mkono.

"Samahani," anasema. "Mimi ni Somo la Mwisho. Nilipangiwa kuzungumza kabla ya chakula."

"Sasa hivi anaingia mgeni rasmi," anasema mwezeshaji. "Wewe utazungumza baada ya chakula."

"Ndivyo nilivyoambiwa siku ile."

"Basi unaona hatujabadilika."

Somo la Mwisho anashusha mkono. Anakuja kukaa karibu yangu, na macho yake yanatua kwenye mguu wangu wa kushoto.

"Soksi ya pili iko wapi?" ananiuliza.

"Kazini," namwambia. "Inaziba tundu."

"Na jiko?"

"Nalo liko kazini."

"Chumba kimoja?"

"Chumba kimoja. Wamo mke wangu, mwanangu na mama mkwe."

Uso unamshuka. Anafungua mdomo aniambie jambo, lakini ngoma zinaanza kupigwa, na watu wote wanasimama.

Mgeni rasmi ni Baridi. Ni mzee mrefu, mwembamba, amevaa shati la mikono mifupi, na mabegani amepigwa na sakitu, ule ukungu unaoganda juu ya nyasi zetu alfajiri ukawa mweupe kama unga. Tulidhani ataingia kwa kishindo. Yeye anasimama kizingitini, anavua kofia.

"Hodi," anasema.

"Karibu!" tunaitika.

Anapita kutusalimia kwa mikono. Kila anayeshikwa mkono anakakamaa pale pale, mkono umenyooka, tabasamu limebaki mdomoni, na vijana wa mapokezi wanambeba na kumsimamisha ukutani. Hakuna anayelalamika. Waliosimamishwa ukutani wanaonekana watu wa maana kuliko sisi.

Hotuba yake ni fupi. "Nimefurahi kuona mmejiandaa dhidi yangu," anasema. "Miaka mingine mlijiandaa kwa kunitukana tu."

Makofi tena. Mwezeshaji anatangaza kwamba ipo zawadi ya Nyumba Bora ya Msimu, na mshindi ni ndugu Nehemia Tweve. Ni mimi! Napanda jukwaani na soksi moja, nikiwaza mama mkwe atakavyohadithia habari hii Ifakara.

"Kabla ya kukabidhi," anasema mwezeshaji, "mgeni rasmi ataikagua nyumba yenyewe."

Hatutembei. Ukumbi ndio unaoondoka, sisi tunabaki uwanjani kwangu.

Nyumba yangu imefungwa nailoni na viroba kutoka msingi hadi paa, na juu yake imekazwa kamba za katani. Mlango hauonekani.

"Mlango uko wapi?" anauliza Baridi.

"Nimeuziba," nasema. "Mlango ni upenyo mkubwa kuliko wote." Sikumbuki nimeuziba saa ngapi, lakini nasema kwa kujiamini, na mwezeshaji ananiitikia kwa kichwa.

"Mmmm," inasema nyumba. Mdomo wake umejaa viroba.

"Nyumba inashukuru," anafasiri mwezeshaji.

Baridi anaizunguka nyumba taratibu, anagusa ukuta kwa kidole. "Jana nilipiga hodi hapa," anasema, "na hapa, na pale. Miaka yote huwa naingia kidogo tu. Nakaa kwenye kona, nasikiliza mnavyonisema, alfajiri naondoka zangu. Na nikiingia mimi, Hewa huingia nyuma yangu, maana yule ni mwoga, hapendi kuingia peke yake. Jana tulibaki nje wote wawili."

"Hongera sana, ndugu Tweve," ananong'ona mwezeshaji.

Ukuta unaongea. Sauti inatoka ndani, nene, tamu, ya mtu aliyeshiba. Ni jiko langu la mkaa.

"Karibuni," linasema, "ila nafasi hakuna."

"Uko na nani humo?" nauliza.

"Niko na watu wako, nawatunza. Wanaona joto zuri, wamelala fofofo. Nilianza na hewa ya darini, nikashuka ya dirishani, sasa nakula ya usawa wa kitanda."

"Unakula hewa?"

"Kwani ulitaka nile nini? Uliniwekea mkaa, hukuniwekea kitoweo."

Watu wanacheka. Jiko lina maneno, na mimi ninacheka nao, kwa adabu ya mwenyeji. Kisha nauliza: "Mtoto hajambo?"

"Huyu mtoto ana heshima," linasema jiko. "Mwanzoni alikuwa anapumua haraka haraka, anasumbua. Sasa anavuta moja, anapumzika. Anavuta moja, anapumzika sana. Muda si mrefu hatasumbua kabisa. Na hakohoi! Si ndivyo ulivyotaka?"

Nikaogopa. Sina namna nyingine ya kulisema: niliogopa, na kicheko cha watu kikawa kinatoka mbali.

"Fidea!" naita. Kimya. "Mama!" Kimya. Namwita mwanangu, ambaye hata jina lake bado hajalijua.

Nairukia nyumba nianze kuchana viroba, lakini mbele yangu amekaa baba yangu mkubwa kwenye kigoda, na nyuma yake ukoo mzima umejipanga kwa umri.

"Unakwenda wapi?" anauliza baba mkubwa.

"Namtoa mwanangu, baba. Anakufa humo."

"Mama mkwe wako amelala humo?"

"Amelala."

"Basi huingii. Piga hodi."

"Nimepiga."

"Ameitika?"

"Hajaitika."

"Subiri aitike," anasema baba mkubwa, na ukoo mzima unatikisa vichwa kwa kuridhika. "Akishindwa kabisa kuitika, tutatuma wanawake."

Nazunguka nyuma mbio. Lipo lile tundu la chini ya dirisha, na soksi yangu imejaa humo imenikodolea macho. Imevaa kofia ya ulinzi.

"Simama hapo hapo," inasema. "Wewe nani?"

"Wewe ni soksi yangu!"

"Nilikuwa. Sasa hivi ni Mlinzi Mkuu wa Upenyo."

"Toka haraka, mtoto anakosa hewa."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu! Mimi ndiye niliyekuweka."

"Aliyeniweka alisema asipite mtu yeyote. Nawe u mtu. Sasa nikikuruhusu, kesho atakuja kunigombeza." Kisha inaongeza kwa upole: "Wanaoweza kunitoa ni kamati."

Kamati iko uani kwangu, imezunguka sinia la wali. Namwangukia mwenyekiti miguuni. Mwenyekiti ananyanyua kidole kuonyesha kwamba amenisikia na kwamba bado anatafuna. Anatafuna. Namtazama katibu, naye anatafuna. Akidi ipo, wajumbe wote wapo, ila vinywa vimejaa, na wali ule haupungui.

Namkimbilia Baridi. "Mzee," namwambia, "pita humo, ukiweza wewe kupita na Hewa atapita."

"Mimi ndiye mnayenizuia," anasema Baridi kwa masikitiko. "Siwezi kuvunja mlango wa mtu aliyejiandaa dhidi yangu. Mimi hupiga hodi. Ila nikuulize, Tweve: watu wa hapa nimewafanyia nini? Nimewapigisha chafya. Nimewapasua visigino. Mtu aliyejifunika mablanketi yake vizuri nimemfanya anitukane tu, akaamka akanywa chai. Huyo mliyemwingiza ndani badala yangu, mlimwuliza anakula nini?"

Pale ndipo Somo la Mwisho anapoletewa kipaza sauti, kwa kuwa ratiba inasema baada ya chakula, na chakula kimeshakuwepo. Kipaza sauti kimevishwa sweta na juu yake nailoni. Somo la Mwisho anasogeza mdomo, anazungumza, naona midomo ikifunguka na kufungika, na sisikii kitu.

Watu wengine wote nilikuwa nawasikia. Yeye tu sasa simsikii. Najigusa sikio, nakuta udongo. Naligusa la pili, nalo ni udongo, umelainishwa vizuri kabisa na kidole cha fundi anayejua kazi. Kila upenyo, alisema mwezeshaji, na mimi nilikuwa mwanafunzi bora. Naufukua udongo kwa kucha mpaka masikio yanauma.

"Jiko la mkaa halilali chumba kimoja na watu," anasema Somo la Mwisho. "Linakula hewa, linatapika sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu hashtuki. Analala tu, anaendelea kulala. Basi. Ni hilo tu."

"Ndilo lote?"

"Ndilo lote. Mngelisikia huku mnanawa mikono."

Anaiweka sawa tai yake na kuondoka, na hakuna anayempigia makofi.

Mimi nimesharudi kwenye tundu. Soksi inataka kusema neno juu ya utaratibu, naikamata kwa meno na kuivuta. Inavutika. Haitoki, inavutika tu. Narudi nyuma nayo mdomoni, napita uani katikati ya kamati, napita shamba langu la viazi, nashuka kilima, soksi inanifuata imenyooka nyuma yangu toka tunduni, na mwisho wake hauonekani. Navuta mpaka jasho linanitoka. Kisha nagundua kwamba jasho lile si la kuvuta. Ni joto. Niko Ifakara.

Ni msimu wa mavuno. Wanawake wamekaa kwenye mkeka wanapepeta mpunga, pumba zinaruka na kunigandia kwenye soksi.

"Huyu si mkwe wa jirani yetu?" anasema mmoja wao.

"Ndiye mimi," nasema kwa meno yaliyobana soksi. "Nisaidieni kuvuta, anakufa!"

"Hata kutusalimia?"

"Shikamooni mama zangu!"

"Marahaba, baba. Haya, vuta."

Wanaweka nyungo chini, wanajifunga kanga viunoni, wanaishika soksi nyuma yangu mmoja baada ya mwingine. Hawaulizi kamati iko wapi. Hawaulizi nani ameitika na nani hajaitika. Tunavuta wote kwa pamoja, na mbali kabisa, juu milimani, nasikia kitu kinafyatuka.

Niko tena nyuma ya nyumba yangu. Tundu liko wazi, jeusi, la kuingia dole gumba. Mzee Baridi amepiga magoti mbele yake na kofia mkononi, na nyuma yake amejificha mtu nisiyemwona vizuri, anapumua kwa woga.

"Hodi humu," anasema Baridi.

Sikusikia kama aliitikiwa, kwa sababu nikaamka.

Kumepambazuka, mwanga wa kijivu uko dirishani pa sebule. Nyumba kimya. Kila asubuhi naamshwa na Lukelo, na leo halii. Nikakumbuka lile jibu langu la jana mlangoni, nikaona aibu na woga kwa pamoja, na woga ukawa mkubwa zaidi.

Nikaenda kwenye mlango wao.

"Hodi," nikasema.

Kimya.

"Hodi, mama. Fidea, hodi!"

Nilisimama pale kiasi cha mtu kumeza mate. Namwomba baba mkubwa anisamehe, na ukoo wote unisamehe, sikusubiri aitike. Niliupiga mlango kwa bega, kitasa kikang'oka, nikaingia chumba cha mama mkwe wangu nikiwa na fulana na bukta.

Ndani mlikuwa na joto zito lililokuwa limekalia kichwa. Fidea amelala kifudifudi. Mama mkwe amelala chali, mdomo wazi. Katikati yao mtoto, amefunikwa mpaka kidevuni. Hakuna aliyetikisika. Jiko lilikuwa jekundu bado, limejaa majivu, nami nikalishika kwa kanga ya kwanza iliyokuwa karibu, nikalitoa mpaka uani na kulimwagia ndoo nzima ya maji. Nikazunguka nje nikaing'oa nailoni yangu dirishani, nikarudi ndani nikafungua mbao zote mbili za dirisha.

Lukelo akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, cha kifaranga aliyepaliwa. Kikafuata kingine, kisha akakasirika, akalia kwa sauti yake yote. Sijawahi kukifurahia kitu hapa duniani kama nilivyokifurahia kikohozi kile. Fidea akageuka, akajishika kichwa, akaniuliza kwa sauti nzito kwa nini kichwa kinamgonga namna hii. Nikamkumbatia mbele ya mama yake. Hilo nalo kwetu halifanyiki.

Mama mkwe akaketi polepole, akajivutia kanga mabegani. Kichwa kilikuwa kinamwuma naye, ilionekana. Akamtazama mjukuu wake.

"Amekohoa," akasema.

"Amekohoa, mama," nikasema huku nalia. "Amekohoa vizuri sana."

Nikapiga magoti pale pale nikamweleza yote: mkaa, hewa, sumu isiyo na harufu, na kwamba mimi ndimi niliyewazibia, mpaka tundu la mwisho nikaligongomelea soksi yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi aliyetuponya ni huyo aliyezibua tundu," akasema, akinyoosha kidole chini ya dirisha. Nikatazama. Tundu lilikuwa wazi, na mwanga mwembamba unapita. Kwenye ukingo wake wa ndani kulikuwa na sakitu. "Usiku nimelemewa, siwezi hata kunyanyua mkono, nasikia kitu cha baridi kinanigusa shavu. Nikataka kukitukana. Lakini kilikuwa kimepiga hodi, nikasema karibu." Akaitazama fulana yangu, akaitazama bukta yangu, akageuza uso ukutani. "Chenyewe kilipiga hodi, kikasubiri nikaitika. Si kama wewe."

"Nisamehe, mama."

"Mambo ya Ifakara tutayazungumza tukishakunywa chai."

Fidea alikuwa ananiangalia miguu. "Baba Lukelo," akasema, "soksi si ulisema umeigongomelea ukutani?"

Nikainamisha kichwa. Miguu yote miwili ilikuwa na soksi. Ya kushoto ilikuwa imelowa, imetanuka mpaka kisigino chake kinaburuta sakafuni, na imepakaa udongo wa ukuta wangu. Kwenye kisigino kulikuwa na kitu kimenata, cha rangi ya dhahabu iliyofifia.

Mama mkwe alisahau kwamba haniangalii. Akainama kutoka kitandani, akakibandua kwa ukucha, akakiweka kwenye kiganja na kukisogeza kwenye mwanga. Ilikuwa punje ya mpunga. Huku kwetu mpunga hauoti, na uliomo nyumbani kwangu ni mchele wa kununua, umeshakobolewa. Akaitia kati ya meno ya mbele, akaivunja, akasikiliza.

"Wa msimu huu," akasema. "Tena wa kwetu."

Mtoto alikuwa amepata titi, anapumua kwa fujo, na mimi nilikuwa nazihesabu pumzi zake kimoyomoyo bila kujua.

"Ulifika Ifakara," mama mkwe akasema hatimaye, akinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aje. "Uliwaonaje wenzangu?"

"Wazima wote, mama," nikamwambia. "Wanakusalimia."